Ufunguo Uliokwenda Ziwani



Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja, ambalo tunadhani ni swali la wengi. Binti yake amemaliza kidato cha sita, na amepata nafasi ya kuwa msaidizi katika kambi ya vijana ya kanisa huko Mbinga. Baba amekubali. Mama naye hana neno juu ya kambi yenyewe, maana walezi wake anawafahamu. Kinachomnyima usingizi ni siku za mapumziko. "Jumatatu hadi Ijumaa najua atakuwa kazini," anasema. "Lakini Jumamosi na Jumapili atatembea na wenzake, na kule chini kuna ziwa. Je, nimruhusu?"

Swali hili limetugusa sana, kwa sababu nasi tulipata kuwa wasaidizi wa kambi kama hiyo, huko huko Mbinga, mwaka 1996. Siku hizi wangetuita vijana wa mafunzo kwa vitendo. Sisi tuliitwa wasaidizi tu, na malipo yetu yalikuwa chakula, mahali pa kulala na posho ya sabuni. Tulikuwa watano, wasichana watatu na wavulana wawili, wote tumetoka shuleni. JKT kwa waliomaliza kidato cha sita ilikuwa imesitishwa tangu 1994, na haikurudi hadi 2013. Basi tulikuwa na miezi mitupu mbele yetu, na wazazi wetu walifurahi kutuona tunapata shughuli.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Mwenye kuijua Mbinga ajua baridi ya Juni na Julai. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukawasha moto wa kuni, tukachota maji, tukapika uji wa vijana 70. Kisha tuliita majina, tukagawa makundi, tukafundisha nyimbo, tukaamua ugomvi wa mpira, tukatafuta kiatu kilichopotea. Usiku tulipita kwenye mabweni kuhesabu vichwa. Tulijifunza kwamba kulea watoto wa watu ni kazi ya macho kuliko ya mikono.

Palikuwa na sanduku la dawa, la bati, lenye kufuli. Ndani mlikuwa na klorokwini ya siku zile, aspirini, pamba na spiriti, pamoja na dawa ambazo wazazi waliwaletea watoto wenye maradhi ya kudumu. Mmoja wetu alikabidhiwa ufunguo wake, akautia uzi na kuuvaa shingoni.

Kati ya vijana wale alikuwamo mvulana wa miaka 12 kutoka Songea, mwenye pumu. Mama yake alimleta mwenyewe, akatupa chupa ya vidonge, akasema, "Wanangu, baridi ya huku ndiyo adui yake. Usiku akianza kukohoa, msisubiri kuche."

Tulimjibu kwa pamoja, "Ondoa shaka, mama."

Jumamosi zetu za kwanza zilikuwa njema. Moja tuliitumia kwa bibi mjane aliyeishi jirani na kambi, tukimsaidia kuvuna maharage katika ngoro zake. Wasiozijua, ngoro ni mashimo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ya milima yao, wakayapanga kama vyumba vya sega la nyuki. Kwanza nyasi hufyekwa na kulazwa katika mistari ya miraba. Kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika zile nyasi, zikaoza na kuwa mbolea, na mbegu hupandwa juu ya tuta. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake, na mlima hauporomoki. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, nao wanawake huchimba na kupanda. Bibi yule alituonyesha shimo moja lililobomoka ukingo. "Hili sikulitazama mapema," alisema. "Maji yake yote yameangukia la chini, na la chini yakaangukia la chini yake." Tulisikiliza, tukala maharage yake mapya, tukaenda zetu.

Siku zile watano tulikuwa kama ndugu. Wanaofanya kazi pamoja tangu alfajiri hadi usiku huzoeana upesi, na jambo hilo ni zuri. Lakini lina hatari yake pia: kila mmoja huogopa kuwa ndiye atakayeharibu furaha ya wenzake.

Jumamosi ya tatu ilikuwa Julai 6, na kesho yake Sabasaba. Tuliomba ruhusa kwenda Mbamba Bay, ambako shangazi wa mwenzetu mmoja alikuwa akiishi. Mlezi wa kambi aliuliza tutafanya nini huko. Tukasema tutamsalimu shangazi. Huo ulikuwa ukweli, ila haukuwa ukweli wote. Tangu Jumatano tulikwisha kupanga kukodi mtumbwi, tukaone visiwa vya mawe vilivyo mbele ya ghuba na wale samaki wadogo wa rangi wanaolisifisha Ziwa Nyasa. Mlezi akatuambia, "Jumapili jioni kabla ya sala niwaone hapa." Tukaitika.

Siku hizi kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami, nayo Mbamba Bay ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyozaliwa kutokana na Mbinga mwaka 2012. Wakati ule yote ilikuwa Mbinga, na barabara ilikuwa ya udongo. Tulipanda lori tangu alfajiri, tumeketi juu ya magunia, tumejifunika vitenge kwa baridi. Milima ya Umatengo hufika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kama mita 475 tu. Kwa hiyo njia nzima ni kuteremka, kona baada ya kona, na kila kona tulivua nguo moja. Ziwa lilipotokea, la bluu hadi milima ya ng'ambo, tulipiga vigelegele.

Shangazi alitukaribisha kwa ugali na mbasa wa kuchoma. Baada ya kula tulimwambia twaenda kupunga upepo ufukweni.

Ufukweni tulimkuta mzee akishona wavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mwatoka mlimani?"

Tukamwambia shauri letu. Akatazama upande wa kusini, akasema, "Leo mtumbwi wangu hauingii majini. Mwera unakuja. Hamwoni tumeanika nyavu?"

Mwera ndio upepo wa kusini-mashariki wa ziwa lile. Huvuma hasa katika miezi ya baridi, tangu Mei hadi Agosti, na ukianza waweza kudumu siku kadhaa. Lakini saa ile maji yalikuwa yametulia kama mkeka uliotandikwa. Tulidhani mzee ni mwoga, au anataka kupandisha bei. Tukapata kijana mwingine aliyetupa mtumbwi wake na makafi mawili, na yeye mwenyewe akabaki nchi kavu. Hilo nalo halikutufumbua macho.

Hapa yatupasa kusema jambo linalotuaibisha hadi leo. Wiki sita tu zilikuwa zimepita tangu Mei 21, siku meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Taifa zima lililia. Kambini tulikuwa tumewaombea marehemu wale, tena sisi wenyewe ndio tuliowaongoza vijana katika sala hiyo. Na bado tuliingia watano katika mtumbwi wa mti mmoja, bila koti la kuokolea hata moja.

Kabla ya kuondoka tulimwuliza mwenzetu mmoja, msichana aliyezaliwa na kukulia milimani, "Unajua kuogelea?" Alicheka. Sisi tukalichukua lile cheko kuwa ndiyo.

Kwenda hakukuwa na shida. Tulifika kisiwani, tukakaa juu ya mawe ya moto, tukawatazama samaki wa bluu na wa manjano wakizunguka miguu yetu. Furaha ilikuwa kubwa, hatutaficha. Mnamo saa kumi jua likapoteza ukali, na upepo ukaamka. Tukasema turudi upesi. Hatukufika mbali. Wimbi la kwanza lilitulowesha, la pili likajaza mtumbwi hadi kwenye vifundo vya miguu. Yule msichana akapiga kelele, akashika ukingo kwa mikono miwili, na mtumbwi ukalala upande. Kafi moja ikatuponyoka. Wavulana waligeuza kwa kafi iliyobaki, nasi tukateka maji kwa mikono na kwa sufuria ndogo tuliyochukulia mihogo. Namna tulivyorudi kwenye mawe, sisi twamshukuru Mungu tu. Ziwa lile lina kina kinachofika mita 700 hivi, na ukingo wake mahali pengi huzama ghafla kama ukuta.

Jua lilipotua, tulikaa tumejibana nyuma ya jiwe. Yule msichana akasema polepole, "Sijui kuogelea. Niliona haya kusema, nikadhani mtaniacha." Kimya kikapita. Kisha mwingine akasema, "Hata mimi." Na mvulana mmoja akasema, "Nami sijui." Kumbe katika watano, waliojua kuogelea walikuwa wawili! Tulikuwa tumepika pamoja, tumeimba pamoja, tumechekana usingizini, na hilo moja hatukulijua.

Tulisali kwa sauti, maana upepo ulikuwa mkali. Usiku wa giza pwani ile wavuvi wa dagaa huwasha taa, na ziwa lote huwaka kama mji. Usiku ule mwezi ulikuwa haujatoka, na hapakuwa na taa hata moja majini. Ndipo tulipomwelewa babu. Wenye ziwa lao walikuwa wamelala nyumbani.

Upepo haukupungua hadi Jumapili mchana. Wavuvi walitufikia mnamo saa tisa, wakiwa na mashua kubwa, na yule babu akiwa mbele. Hakutugombeza. Alituhesabu tu, "Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano," akavuta pumzi. Lori la kurudi Mbinga lilikwisha ondoka saa nane. Tulilala kwa shangazi, ambaye alikuwa amekesha akilia, na Jumatatu tukapanda milima tukiwa kimya.

Tulipoingia kambini hakuna aliyetukimbilia. Karibu na jiko tuliliona sanduku la dawa. Kufuli lilikuwa bado limening'inia mahali pake, lakini kifuniko kilikuwa kimepasuliwa kwa shoka.

Usiku wa Jumapili, mnamo saa sita, yule mtoto wa Songea alianza kukohoa. Pumzi ikambana. Mama mpishi alilala chumba cha pili, akasikia, akatafuta ufunguo chini ya kila godoro letu. Kisha akakimbilia shoka. Alimpa kidonge kwa mwanga wa kibatari, akamkalisha wima kifuani pake hadi kulipokucha, na asubuhi wakampeleka hospitali. Mtoto alipona. Siku ya Jumatano alirudi kambini. Twasema mapema ili msomaji asikae na hofu tuliyokaa nayo sisi.

Maneno juu yetu yalikuwa yamekwisha kuenea. Wasichana watatu na wavulana wawili kulala nje siku mbili, mwajua wenyewe watu husema nini. Tulikuwa tumejiandaa kujibu hilo. Tulikuwa na maelezo yote, ya upepo, ya mawe, ya sala. Mama mpishi hakutuuliza tulilala wapi. Alifuta mikono kwa kanga yake, akauliza, "Ufunguo alikuwa nao nani?"

Mmoja wetu akaingiza mkono shingoni. Tumekubaliana tangu siku ile kutomtaja, na hata leo hatutamtaja, wala hatutasema kama ndiye anayeandika. Wanne waliobaki waliuona ufunguo ule ukining'inia njia nzima, juu ya lori, mezani kwa shangazi, mtumbwini na kisiwani. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Turudishe."

Mama wa mtoto alikuja kutoka Songea siku ya Alhamisi. Mlezi alitutaka tumweleze wenyewe. Tulipiga magoti, tukasema yote, na safari hii hatukubakiza. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi sikuwapa dawa mnitunzie. Niliwapa mtoto." Akanyamaza, akatuinua mmoja mmoja.

Hatukufukuzwa. Mlezi alisema kufukuzwa ni kupumzishwa, na mapumziko tulikwisha kuyapata. Tulimaliza wiki zilizosalia bila kutoka tena, tukilipa kifuniko kipya kwa posho yetu ya sabuni.

Sasa, mama uliyetuuliza, jibu letu ni hili: mruhusu binti yako. Kambi ile ilitufundisha kazi, uvumilivu na kupenda watoto tusiowazaa, na hatungependa binti yeyote akose shule hiyo. Lakini kabla hajafunga sanduku lake, kaa naye mzungumze.

Kwanza, mfundishe kwamba kusema "sijui" si aibu. Mabinti wengi hawafundishwi kuogelea, nao huona haya kukiri mbele ya wenzao. Kijana anayeweza kusema, "Mimi sijui kuogelea, siingii," amejiokoa mwenyewe, na pengine amewaokoa wengine wawili wanaongoja mtu wa kwanza kusema.

Pili, aseme ukweli wote wa safari: mahali, watu, chombo na saa ya kurudi. Nusu ya ukweli haimsaidii mtu anayetaka kukutafuta. Laiti shangazi angalijua tumekwenda kisiwani, mashua ingaliandaliwa mapema.

Tatu, juu ya maji, wavuvi wa mahali ndio wakuu. Wakianika nyavu, mgeni abaki ufukweni. Na asipande chombo kilichojaa kupita kiasi, wala kisicho na makoti ya kuokolea, hata wenzake wakimcheka. Tulidhani nchi yetu ilijifunza mwaka 1996. Lakini Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, tukazika zaidi ya watu 200.

Nne, Ziwa Nyasa lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kucheza majini. Dalili inayojulikana ni damu katika mkojo. Kwa wanawake kichocho chaweza pia kuumiza njia ya uzazi, kikaleta maumivu na kutokwa damu, na wengine wakadhaniwa kuwa na magonjwa ya zinaa. Aliyeoga ziwani aende kupimwa baada ya miezi kama mitatu. Dawa ipo, yaitwa prazikwanteli.

La tano ndilo kubwa kwetu. Mapumziko ni haki ya mfanyakazi, na kutembea na wenzake ni jambo jema. Lakini mtoto wa watu hapumziki kuumwa siku ya Jumamosi. Kila atokaye kambini, awe anakwenda sokoni au ziwani, amkabidhi mtu mwingine kazi yake kwa mkono na kwa jina: dawa ziko hapa, mgonjwa ni huyu, ufunguo ni huu. Tulikumbuka shimo la bibi yule. Tulidhani ukingo uliobomoka ni wetu peke yetu, kumbe maji yaliteremka hadi kifuani mwa mtoto wa miaka 12.

Mtoto yule sasa ni baba wa watoto. Nasi, kila binti zetu wanapoaga kwenda kambini, shuleni au kazini, hatuwaulizi kwanza wanakwenda na nani. Tunawauliza, "Ufunguo unamwachia nani?" Wao hucheka, lakini hujibu.

Mama, mpe binti yako sweta nzito, mpe na swali hilo. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.